Shangazi, mume wangu anasema "ni katuni tu", mimi moyo haujatulia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Ujiji. Mkubwa ni wa kiume, ana miaka 9. Mdogo wake wa kike ana miaka 5. Mume wangu hununua dagaa mwaloni Kibirizi na kuwasafirisha, siku nyingi hayupo nyumbani. Mimi ni fundi cherehani, kazi naifanyia hapa hapa barazani, kwa hiyo watoto nashinda nao.

Sikukuu ya Idi baba yao mdogo alikuja kutoka Dar es Salaam akawaletea PlayStation 2 ya mtumba, pedi mbili na CD za kuchoma. Hazina makava, zimeandikwa kwa kalamu tu: moja "KATUNI YA GARI", nyingine "SPONGEBOB". Nilifurahi, maana kijana alikuwa ameanza kutoroka kwenda kibanda cha gemu kule Mwanga, anachanganyika na vijana wakubwa. Nikasema heri achezee nyumbani nikimwona.

Kinachonisumbua ni hiyo ya gari. Ni wale watu wa njano wenye macho ya kutokeza. Jina linalotokea mwanzo nimelinakili: The Simpsons: Hit & Run. Ukiitazama kwa mbali ni katuni ya kawaida, rangi nzuri, muziki wa kuchangamsha. Jioni moja nikaingia kuchukua pasi, nikamkuta kijana anaendesha gari pale wanapopita watu wa miguu, anawagonga, wanarushwa huko, yeye na mdogo wake wanacheka hadi machozi. Hazikupita siku nyingi nikamwona yule mdogo uani. Amepanga vigunzi vya mahindi, kavivika vipande vya vitambaa vyangu, ndio wanasesere wake. Anawapitia juu kwa kopo la mafuta alilolifunga kamba, anasema, "Gonga! Gonga! Na huyu!" Moyo ulinipasuka.

Mama mkwe tunaishi naye. Yeye anasema kile kidude kina shetani, hasa tangu siku kijana alipobamiza pedi chini kwa hasira akicheza SpongeBob, kisha akagoma kuzima muda wa madrasa ulipofika. Mume wangu nikimpigia anasema, "Mke wangu, ni katuni tu, hakuna hata damu. Sisi hatukukua tukiangalia Tom na Jerry wanapigana nyundo?" Shemeji nikimuuliza anacheka.

Kiingereza changu ni cha darasa la saba na pedi sijawahi kuishika. Naomba unisaidie Shangazi. Mtu kama mimi nitajuaje kwamba gemu hii inamfaa mtoto na hii haimfai? Ni kweli katuni haina madhara? Na je, nimrudishie shemeji mzigo wake wote?

Mama Wawili, Ujiji

*

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo moja kubwa sana hata kabla ya kuniandikia: umenakili jina la gemu. Kwa jina hilo naweza kukujibu kwa uhakika, basi na tuanzie hapo.

The Simpsons imechorwa, lakini haikuchorwa kwa ajili ya watoto wa umri wa wanao. Kipindi chake kilianza kurushwa Marekani Desemba 1989, na utani wake tangu hapo ni wa watu wazima: mambo ya ndoa, siasa, dini, kazi. Baba wa familia ile, Homer, sifa yake kubwa ni bia na donati. Gemu uliyoitaja ilitoka mwaka 2003. Marekani kuna bodi inayopanga gemu kwa umri, inaitwa ESRB, iliyoanzishwa 1994 baada ya wabunge kule kulalamikia ukatili kwenye gemu. Bodi hiyo iliipa gemu hii alama T, maana yake kuanzia miaka 13. Kijana wako ana 9, binti ana 5. Hilo ni jibu la kwanza la kumpa mume wako: hata huko Marekani, kipindi chenyewe kilikoanzia, hawakusema ni ya watoto wadogo.

Na akirudia "ni katuni tu", mtajie South Park, katuni nyingine ya Marekani. Wahusika wake ni watoto wa shule ya msingi, vichwa vya mviringo, kofia za rangi, wanaonekana wamekatwa kwenye karatasi. Gemu yake ya mwaka 2014, The Stick of Truth, ESRB iliipa M, yaani kuanzia miaka 17, na bodi ya Ulaya, PEGI, ikaipa 18. Mzazi anayepita mlangoni akatupa jicho kwenye runinga ataona watoto wanacheza kwenye theluji.

Sasa shika CD zako mbili, maana una bahati ya kuwa na mfano mzuri ndani ya nyumba yako. Ikiwa ile ya SpongeBob ni Battle for Bikini Bottom, ambayo ndiyo maarufu kwenye mashine hiyo, nayo ilitoka 2003. Mwaka ule ule, mashine ile ile, wahusika wa njano huku na huku, wote wametoka kwenye runinga. Zima sauti, simama mbali, utaona ni ndugu. Ila ESRB iliipa hii alama E, yaani ya kila mtu. Tofauti iko wapi?

Iko kwenye kile mtoto anacholipwa. Katika ya SpongeBob, mtoto anaruka majukwaa chini ya bahari, anatafuta vigeuzio vya dhahabu, vile vya kugeuzia chapati, na anachokipiga ni kikosi cha roboti. Roboti ikipigwa inavunjika vipande, basi. Kadiri anavyotafuta na kuruka vizuri ndivyo anavyofunguliwa njia ya mbele. Katika ile ya gari, anapewa kazi za kuwahi mahali au kufukuzana na magari mengine, na njiani anaokota sarafu kwa kuvunja vitu vya mtaani. Watu wanapita kando ya barabara, na hakuna kinachomzuia kuwapitia. Kuna kipimo kwenye kioo kinachojaa kadiri anavyogonga watu na kuharibu vitu. Kikijaa, polisi wanamfukuza, na wakimkamata anatozwa sarafu 50.

Nataka tuitendee haki hiyo gemu. Hakuna damu, mume wako kasema kweli, na aliyegonga anafukuzwa. Kijana wa miaka 15 anaelewa kwamba anachekeshwa, na adhabu ile anaiona kuwa sehemu ya utani. Lakini mtoto wa miaka 9 sarafu 50 hazimuumizi hata kidogo. Anachokipenda ni kule kufukuzwa. Kwa hiyo anagonga makusudi ili polisi waje, na wakija ndio raha imeanza. Bila shaka ulichokiona jioni ile kilikuwa hicho.

Hapa ndipo Tom na Jerry wanapoachana na gemu. Mtoto akiangalia panya anampiga paka nyundo, ametulia kwenye mkeka, jambo limefanywa na Jerry. Akishika pedi, anayegonga ni yeye, kwa kidole chake, tena jambo hilo hilo analirudia jioni nzima, na kila akilifanya kioo kinampa sauti, sarafu au kicheko. Kwa hiyo ukikutana na gemu yoyote usiyoijua, iwe ya katuni au ya watu halisi, jiulize hivi: hii inamlipa mwanangu kwa kufanya nini? Huhitaji Kiingereza kulijibu hilo. Unahitaji kukaa ukatazame muda wa kutosha, maana dakika mbili za mwanzo kila gemu ni nzuri.

Umeuliza kama ni kweli katuni haina madhara. Mwaka 1963 mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake, chuo kikuu cha Stanford kule Marekani, walichukua watoto wa chekechea. Wengine walimwona mtu mzima mbele yao akilipiga na kulitukana sanamu la kupuliza, wengine wakaliona jambo hilo kwenye filamu, na kundi la tatu likaonyeshwa filamu ya mtindo wa katuni, mpigaji amevaa vazi la paka. Baadaye watoto wakaachwa na vitu vya kuchezea. Makundi yote matatu yalipiga na kusukuma zaidi kuliko watoto ambao hawakuonyeshwa chochote. Vazi la paka halikuwazuia kuiga. Watoto wale walikuwa wa umri unaokaribiana na wa binti yako.

Lakini usikimbilie kwenye hofu ya mama mkwe. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilitoa tamko mwaka 2020 baada ya kupitia tafiti nyingi. Walisema gemu za kupigana zinaendana na ongezeko dogo la ukali kwa watoto, kama kufoka na kusukumana, ila hakuna ushahidi wa kutosha kusema zinazaa wauaji. Nami nakubaliana nao. Mwanao hajaharibika. Ana gemu isiyo ya umri wake, na hilo linarekebishika leo.

Binti ndiye ninayemwangalia zaidi. Yeye hakuwa hata na pedi, alikaa pembeni tu, na nyumba nyingi hapo ndipo tunapojisahau: tunapima gemu kwa umri wa mchezaji, wakati mkekani wako watatu na mdogo wao bado ananyonya kidole. Gemu ipimwe kwa umri wa mdogo kuliko wote aliye mbele ya kioo. Kwa alichokifanya na vigunzi, tafadhali usimchape wala usimwambie ana roho mbaya. Mtoto wa miaka 5 akiona jambo asilolielewa hulicheza ili alielewe. Siku akirudia, kaa naye chini pale uani. Chukua kigunzi kimoja kilichogongwa, muulize: huyu anaitwa nani? Ameumia wapi? Mama yake yuko wapi? Nani atampeleka hospitali? Utashangaa kopo lile lile la mafuta linavyogeuka gari la wagonjwa. Mtoto wa umri huu anahitaji mtu wa kumwonyesha kwamba aliyegongwa anaumia, kwa sababu kwenye kioo kile hakuna aliyeumia.

Kuhusu alama za umri, CD za kuchoma hazina kava, kwa hiyo onyo lote limebaki kwenye kava halisi ambalo hukuliona. Mwombe mtu mwenye simu ya intaneti aandike jina la gemu pamoja na neno ESRB au PEGI, atapata alama yake papo hapo. Nakushauri upende za PEGI, kwa sababu ni tarakimu: 3, 7, 12, 16 na 18, na rangi zake ni kijani kwa mbili za kwanza, rangi ya chungwa kwa 12 na 16, nyekundu kwa 18. Tena wanaweka picha ambazo hazihitaji lugha. Ngumi ni ukatili, buibui ni vitu vya kutisha, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari.

Ila kuna mambo mawili alama hizo hazikuambii. La kwanza ni ugumu. PEGI hawapimi kama mtoto ataiweza gemu, wanapima anachokiona na kukisikia. Kuna gemu inaitwa Cuphead, ya 2017, imechorwa kwa mtindo wa katuni za miaka ya 1930, kikombe chenye miguu kinakimbia, na watu wazima wanaililia kwa ugumu wake. Hapo tunafika kwenye ile pedi iliyobamizwa. Mtoto aliyerudia kuruka sehemu ile ile akaanguka kila mara, hasira inampanda. Hiyo si kazi ya shetani. Mpe maji, mtoe nje, arudi baadaye.

Na kule kugoma kuzima, muulize kwanza kama ana memori kadi. PlayStation 2 haina mahali pa kuhifadhi ndani yake. Bila kile kikadi kidogo kinachochomekwa mbele, ukizima mashine kila alichokifanya jioni nzima kinafutika, kesho anaanza moja. Ukimwambia "zima sasa hivi madrasa", wewe unaona dakika, yeye anaona kazi yake yote inatupwa. Mnunulie memori kadi, mkubaliane kwamba ukimwita anahifadhi halafu anazima, na umpe onyo kabla, "maliza hapo ulipofika". Akiwa na kadi na onyo amepewa, bado akagoma, hapo sasa ni utovu wa nidhamu na una haki ya kuchomoa waya ukakaa nao.

Jambo la pili ambalo bodi haziwezi kukupimia ni nyumba yako. Mtu wa Marekani akiona baba wa katuni anakunywa bia baa huenda akaliona jambo dogo. Wewe unalea watoto wanaotoka madrasa jioni. Hilo ni lako kuamua, na huhitaji kumwomba radhi shemeji wala mtu yeyote. Kuna gemu zenye alama ya 7 zilizojaa uchawi, na wapo wazazi wasioona tabu na wapo wasiozitaka kabisa. Alama ya umri ikishasema ndiyo, nawe bado una nafasi ya kusema hapana. Ikishasema hapana, sioni sababu ya wewe kusema ndiyo.

Unazo pedi mbili. Mwambie kijana akufundishe. Hutacheza vizuri, na hilo halina shida hata kidogo, kwa sababu atakueleza kila kitu: huyu mbaya, huyu rafiki, hapa usiguse, hapa unapata nyingi. Wewe sikiliza maneno yake. Akikuambia "hapa lazima ufikirie", sawa. Akikuambia "hapa unawapiga tu mpaka waishe", uliza ni akina nani na wamekosa nini. Na gemu ikizimwa, mtazame anavyoinuka. Anakwenda kucheza mpira na wenzake, au anazunguka nyumba nzima akimchokoza mdogo wake? Mwaloni au barazani kwako, mama anayemjua mwanawe hashindwi kulisoma hilo.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku mbele ya kioo, na pungufu ni bora zaidi. Binti yako ametoka kwenye umri huo juzi tu, basi mbakishe hapo hapo. Kijana acheze akishamaliza madrasa na kazi za shule, taa ikiwa imewashwa na yeye amekaa mbali na runinga. Kama kuna mtoto ndani ya nyumba au wa jirani mwenye kifafa, gemu zenye mwanga wa kumweka-mweka asikae nazo kabisa kabla hujaongea na daktari.

Usimrudishie shemeji mashine. Huenda hujui, lakini kwa malezi ile mashine ya zamani ina nafuu kuliko simu yako. Haijaunganishwa na intaneti, hakuna mgeni atakayemwandikia mwanao, hakuna tangazo la kubeti litakalomrukia katikati ya mchezo, hakuna kitu cha kununua ndani ya gemu. Kwenye simu gemu za katuni za bure zina hayo yote, na bando linaliwa juu yake. Ukimpa simu, soma kwanza ile namba ya umri iliyoandikwa kwenye ukurasa wa gemu pale Play Store, kisha zima data.

Mama mkwe mshirikishe. Aliona kuna tatizo mapema, na katika hilo hakukosea. Mwambie, "Mama, ile ya kugonga watu nimeitoa, hii nyingine njoo uitazame na sisi." Akikaa jioni moja akaona mjukuu wake anatafuta vigeuzio vya chapati baharini, mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Kijana naye atasikitika, na anaweza kutaka kurudi Mwanga kwa sababu kule CD ya gari ipo. Usimfungie tu. Nenda naye siku moja hadi kibandani, umsalimie mwenye kibanda, umwonyeshe mtoto na umwambie gemu unazomruhusu na saa ya kuondoka. Akikusikiliza, una mlezi wa pili pale. Akikujibu kwamba yeye anauza muda tu, basi mwanao asikanyage pale, na umweleze sababu kijana mwenyewe, kwa upole, mkiwa wawili. CD ya gari iweke kabatini, shemeji akija mkabidhi, na umwambie safari nyingine alete memori kadi.